Tamko la Walimu wa Sayansi wa Garissa, Wajir na Mandera Kuhusu Nyuzi 33 za Dunia

Sisi walimu wa fizikia, kemia na jiografia tunaofundisha katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, tukiwa tumekutana mjini Garissa chini ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wazazi, wanafunzi, wazee, maimamu, wafugaji, wafanyabiashara na viongozi wa kaunti hizi tatu. Tunaomba lisomwe barazani, na lifasiriwe kwa Kisomali pale ambapo wasikilizaji watapenda hivyo.

Kilichotukutanisha ni swali. Kwa misimu kadhaa wanafunzi wetu wamekuwa wakija darasani na maelezo waliyoyapata kwenye simu, kwamba joto la dunia halina uhusiano wowote na gesi zilizomo hewani. Kwa maelezo hayo, ardhi ina joto kwa sababu hewa iliyo juu yake ni nzito. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na habari inaishia hapo. Anayeeleza hivyo hutoa mfano unaotugusa sisi wenyewe: Garissa iko bondeni, haifiki mita 200 juu ya usawa wa bahari, nayo inachoma, Nairobi iko karibu mita 1,700, na mwezi wa Julai watu huko huvaa sweta. Mwanafunzi akiusikia mfano huo huona kwamba mwalimu wake amemficha jambo.

Hatuwezi kulipuuza swali hili, kwa sababu nusu ya maelezo hayo ni kweli. Nusu hiyo ya kweli ndiyo ufunguo wa jambo zima, na nusu iliyo potofu inawadhuru watu wanaoishi katika nchi hii kavu. Tumeona ni wajibu wetu kujibu hadharani, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi, asilazimike kutuamini kwa sababu tu sisi ni walimu.

Mwanga wa jua unaoifikia dunia, kabla haujagusa hewa, una nguvu ya takribani wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayoukabili moja kwa moja. Lakini dunia ni tufe. Nusu yake iko gizani wakati wote, na sehemu kubwa ya nusu iliyo mchana hupigwa na jua kwa ubavu. Ukiusambaza mwanga huo juu ya uso wote wa dunia, kila mita hupata robo yake, yaani wati 340. Katika hizo, asilimia 30 hivi hurudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga mweupe bila kupasha kitu chochote. Zinabaki wati zisizozidi 240. Sasa, kila kitu chenye joto hutoa miali, na kadiri kinavyozidi kuwa moto ndivyo kinavyotoa miali mingi zaidi. Kanuni ya Stefan na Boltzmann, iliyopatikana karne ya 19, inatuambia ni mingi kiasi gani. Dunia hutulia pale inapotoa kiasi kilekile inachopokea. Ukiingiza wati 240 katika kanuni hiyo, jibu linalotoka ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hiyo ni baridi ya friza ya kuhifadhia nyama. Wastani halisi wa joto la uso wa dunia ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 33, na ndizo zilizofanya Mto Tana uwe maji badala ya barafu.

Wako wanaoiona tofauti hiyo wakasema fizikia imeshindwa. Haikushindwa. Setilaiti ambazo zimeipima dunia kutoka nje kwa miongo mingi zinaikuta ikitoa takribani wati 240 kwa kila mita ya mraba, kama hesabu ilivyosema. Kwa mtazamaji aliye mbali angani, dunia kwa hakika ni kitu chenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kosa ni kudhani kwamba anachokiona mtazamaji huyo ni ardhi.

Hapa tunaomba msomaji aende nasi polepole. Hewa kavu, kwa asilimia 99, ni nitrojeni na oksijeni, na gesi hizi mbili huiacha miali ya joto inayotoka ardhini ipite kana kwamba hazipo. Mvuke wa maji, kaboni dioksidi na methani haviiachi. Huinasa miali hiyo, kisha huitoa upya pande zote, juu na chini. Joto linaloondoka kwenye mchanga wa Habaswein jioni haliruki moja kwa moja hadi angani. Hupanda kama abiria anayebadilisha magari njiani: linashushwa, linapakiwa tena, mara nyingine linarudishwa lilikotoka, mpaka lifike mahali ambapo hewa iliyobaki juu yake ni nyembamba kiasi cha kuliachia liende zake. Kwa wastani wa dunia nzima mahali hapo pako kilomita 5 hivi juu yetu. Kwa mtu wa Kenya kimo hicho si kigeni, kwani Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kina mita 5,199. Huko ndiko joto la dunia linakoagia. Huko ndiko mtazamaji wa mbali anakotazama.

Na huko ni baridi. Ndipo ile nusu ya kweli inapoingia. Hewa inayopanda hupanuka na kupoa. Inayoshuka hugandamizwa na kupata joto. Kwa wastani, kila kilomita moja ya kwenda juu hupunguza nyuzi 6.5 hivi. Kati ya Garissa na Nairobi kuna kama mita 1,500, kwa hiyo tungetarajia tofauti ya nyuzi 10, na wastani wa mwaka wa miji hiyo miwili unapishana kwa kiasi hicho takriban. Aliyetoa mfano huo hakukosea hapo hata kidogo. Sisi wenyewe tutautumia darasani.

Lakini kupoa huko kwa kila kilomita ni kama ngazi, na ngazi hukuambia tu umbali kati ya kidato na kidato. Haikuambii imesimikwa wapi. Unaweza kujua kwamba kila kidato kinapishana na kingine kwa nyuzi 6.5, usijue kama cha chini kabisa kina nyuzi 15 au nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinachoisimika ngazi hii ni sharti moja lisiloepukika, kwamba kidato kile ambako joto huagia lazima kitoe wati 240, na ili kitoe wati 240 lazima kiwe na nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukishakifunga kidato hicho kwenye kilomita 5, shuka ukihesabu: mara tano nyuzi 6.5 ni karibu 33. Ndizo zilezile tulizokuwa tukizitafuta. (Hizi ni namba za wastani wa dunia nzima. Batian yenyewe, ikiwa karibu na ikweta, haina baridi ya kiasi hicho.)

Sasa ondoa gesi zile zinazonasa joto, uache nitrojeni na oksijeni tupu. Uzito wa hewa ni uleule, shinikizo ni lilelile, na tuchukulie kwamba zile wati 240 hazibadiliki. Kitakachobadilika ni kwamba miali ya ardhi haitakuwa na wa kuinasa. Itaondoka kutoka mchangani moja kwa moja. Kidato cha kuagia kitakuwa chini ya miguu yetu, na wastani wa joto la ardhi hautaweza kuzidi zile nyuzi 18 chini ya sifuri, hewa iwe nzito namna gani.

Anayetaka ushahidi wa mkono na aende kwa fundi wa tairi yeyote kwenye barabara ya Dadaab. Tairi la lori likijazwa upepo hupata moto. Fundi analijua hilo kwa kiganja. Aliache tairi hilo chini ya kivuli kwa saa kadhaa. Shinikizo bado limo ndani, lori linaweza kusimama juu yake, lakini joto limekwisha kutoka na tairi limelingana na hewa ya nje. Kugandamiza hutoa joto wakati wa kugandamiza tu. Kukaa umegandamizwa hakutoi kitu. Hewa ya dunia imekaa na uzito wake kwa mamilioni ya miaka, na kama uzito huo peke yake ungekuwa ndio kuni zake, zingekuwa zimezimika zamani sana.

Wafugaji wetu hawana haja ya kufundishwa na sisi kwamba anga hurudisha joto. Wakati wa jilaal, yaani kiangazi, mbingu zikiwa nyeupe na hewa imekauka, mtu aliyelala nje na ngamia zake huko Wajir huanza usiku akiwa na jasho na huamka kabla ya alfajiri akijivutia shuka. Mchanga umemwaga joto lake juu na hakuna kilicholirudisha. Deyr, msimu wa mvua fupi, ikikaribia, mvuke ukiongezeka na wingu likitanda, mchana huenda usiwe mkali vile, lakini usiku haupoi kama ule wa jilaal. Jua limeshazama, kwa hiyo haliwezi kulaumiwa. Aliye na kipimajoto cha miali, kile cha umbo la bastola wanachotumia mafundi wa majokofu, akielekeze juu usiku: penye wingu kitasoma joto jingi kuliko penye nyota. Ukijumlisha mchana na usiku, dunia nzima, ardhi hupokea kutoka hewani takribani wati 340 kwa mita ya mraba, wakati jua lenyewe huipa ardhi kama wati 160 tu moja kwa moja. Wengi wetu tuliposoma namba hizi mara ya kwanza chuoni tulirudia kuzisoma.

Tunapenda pia kusahihisha jambo ambalo sisi wenyewe tumekuwa tukilifundisha. Vitabu vingi huuita mchakato huu athari ya nyumba ya kioo, nasi tumeuchora ubaoni hivyo kwa miaka. Nyumba ya kioo hupata joto hasa kwa sababu hewa iliyopata moto ndani yake haiwezi kupanda na kutoka, sawa na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mbele ya soko la mifugo. Mwaka 1909 mwanafizikia Robert Wood wa Marekani alionyesha kwa jaribio kwamba kuzuia miali si sababu kubwa ya joto la nyumba hizo. Hewa ya dunia haizuiwi kupanda. Inapanda kila siku, na ndiyo inayotuletea mvua. Mfano wa kioo ukivunjika mkononi mwa mwanafunzi mwerevu, huona na somo lenyewe limevunjika. Kuanzia sasa tutafundisha kimo cha kuagia joto, hata kama kinachukua vipindi viwili badala ya kimoja.

Elimu hii si ya jana. Joseph Fourier wa Ufaransa aliandika mwaka 1824 kwamba hewa huifanya dunia iwe na joto kuliko ambavyo ingekuwa. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo juani na akaona ule wenye kaboni dioksidi ukipata joto zaidi na kuchelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall akapima London ni gesi zipi hunasa miali ya joto na zipi huiachia. Svante Arrhenius alifanya hesabu ya kwanza ya athari ya kuongeza kaboni dioksidi mwaka 1896, na mwenzake wa Sweden, Nils Ekholm, akaeleza mwaka 1901 habari ya kimo cha juu ambako dunia hutolea joto lake. Hesabu hizo Syukuro Manabe na wenzake walizikamilisha kwa kompyuta miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hakuna hata mmoja kati ya wale wa karne ya 19 aliyekuwa na la kugombania katika siasa za leo.

Ushahidi tunaoupenda kuliko wote umetoka kwenye nchi kavu kama yetu. Mwaka 1970 setilaiti ya Marekani iliyoitwa Nimbus 4 ilipita juu ya jangwa la Sahara ikiwa na chombo cha kuichambua miali ya joto rangi kwa rangi. Kwa zile rangi ambazo hewa haizigusi, chombo kiliona mchanga wenyewe, wenye moto wa mchana. Kwa rangi ambazo kaboni dioksidi huzinasa, kiliona baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Ni mahali pamoja na saa moja, ila rangi moja ilikuwa inatoka mchangani na nyingine inatoka juu sana. Mwaka 2001 John Harries na wenzake wa Imperial College London wakalinganisha vipimo hivyo na vya setilaiti nyingine ya mwaka 1997, wakakuta miali inayotoka imepungua pale hasa ambapo gesi zilizoongezeka hunasa.

Na gesi zimeongezeka. Kabla ya viwanda kaboni dioksidi ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima Hawaii mwaka 1958 ilikuwa 315. Leo imepita 420. Kenya nayo ina kituo chake cha kuifuatilia hewa ya dunia, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678, kikiwa chini ya Idara ya Hali ya Hewa. Atakayesema kwamba sehemu 420 katika milioni ni kitu kidogo mno kuleta athari, tunamwomba akumbuke sufuria ya chai: kijiko cha majani hubadilisha rangi ya maji ya watu kumi, kwa sababu maji yenyewe hayana rangi ya kushindana nayo. Nitrojeni na oksijeni, kwa miali ya joto, ndiyo maji yale.

Ongezeko hilo hufanya kitu kimoja. Hewa inakuwa ngumu kupenyeka, joto linalazimika kupanda zaidi kabla ya kuachiwa, na kimo cha kuagia kinapanda. Huko juu zaidi ni baridi zaidi, kwa hiyo dunia kwa muda hutoa pungufu ya inachopokea, na kinachobaki huipasha dunia mpaka mizani irudi. Kimo hicho kikipanda mita 150 tu, ngazi nzima huinuka na ardhi huongezewa nyuzi 1 hivi. Tunasema haya kwa sababu wazazi hutuuliza kama jua limesogea. Halijasogea. Dunia huwa karibu zaidi na jua Januari na mbali zaidi Julai, kila mwaka, kama ilivyokuwa kwa mababu zetu. Nguvu ya jua inapimwa na setilaiti tangu mwaka 1978 na haijaongezeka kwa namna ya kueleza joto hili. Tena, lingekuwa ni jua, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kilichopimwa ni kwamba hewa ya chini inapata joto huku tabaka la juu, lile lenye ozoni, likipoa. Hiyo ni alama ya gesi zinazonasa joto, na jua haliwezi kuiacha.

Tumeulizwa pia kuhusu mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, ambao paneli zake zimetandazwa kwenye hekta 85. Paneli ni nyeusi kuliko mchanga, na hewa iliyo karibu nazo inaweza kuwa na joto tofauti kidogo na ya jirani. Athari hiyo haifiki mbali na uzio. Haiwezi kuipasha Wajir, sembuse Mandera.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda ambao wastani wa joto la dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Nyuzi moja na nusu juu ya 33 huonekana kitu kidogo. Kwa nchi yetu si kidogo, na sababu yake ni maji. Hewa ikiongezeka nyuzi 1 hupata uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Pasipo na mvua, hewa yenye kiu hiyo hunyonya silanga, hunyonya udongo, hunyonya majani ya mgunga. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Katika Kenya peke yake zaidi ya mifugo milioni 2.5 ilikufa. Sote tuliiona mizoga kando ya barabara, na wanafunzi wetu wengi hawakurudi shuleni baada ya mifugo ya nyumbani kwisha, kwa sababu karo ilikuwa na miguu minne. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walieleza kwamba ukame ule usingekuwa wa namna ile bila dunia kuongezeka joto. Mvua ilipungua, ndiyo, lakini joto ndilo lililoyachukua maji machache yaliyobaki. Kwa hesabu yao, mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwezekano wa ukame wa aina hiyo kuwa mkubwa angalau mara 100.

Kisha uwezo uleule wa kubeba mvuke ukageuka. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilishuka kwa mkupuo, na tena Aprili na Mei 2024. Mto Tana ulifurika, barabara ya Garissa kwenda Madogo ikakatika, na watu wakavushwa kwa boti pale walipozoea kuvuka kwa bodaboda. Kuna waliokufa maji katika kuvuka huko. Tunawakumbuka. Ukame na mafuriko vilikuja kwa watu walewale ndani ya miezi kumi na minane, na mwanafunzi anayeijua ile asilimia 7 haoni kwamba vinapingana.

Kuna suala la ng'ombe, nalo tunalisema wazi kwa sababu linawaumiza wazee wetu wanaposikia redioni kwamba mifugo yao inaharibu dunia. Mifugo hutoa methani, na methani hunasa joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Hilo ni kweli na hatutalificha. Lakini methani hukaa hewani kwa takribani miaka 12, kisha huvunjika, na kaboni iliyomo ilitoka kwenye nyasi za juzi na itarudi kwenye nyasi. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka. Ikishatolewa, sehemu yake hubaki hewani kwa karne nyingi. Kenya nzima, pamoja na magari ya Nairobi na ng'ombe wote wa kaskazini, haifikii hata asilimia 1 ya gesi joto zinazotolewa duniani. Mfugaji wa Balambala hakukipandisha kimo kile. Yeye ndiye anayeishi kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi.

Ndiyo sababu tunasema maelezo potofu yanadhuru. Mtu akiamini kwamba joto linatokana na uzito wa hewa, hana wa kumdai chochote, wala hana cha kujiandaa nacho, kwa kuwa uzito wa hewa haubadiliki. Mfuko wa hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022 unasimama juu ya sayansi hii. Mwakilishi wa kaunti yetu akienda kuomba sehemu ya fedha hizo, aende akiwa anaweza kueleza zile nyuzi 33 bila kubabaika. Na kwa wale wanaotuambia kwamba yote haya ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu, sisi wengi wetu ni Waislamu na hatuoni ugomvi. Kujua jinsi neema ya joto ilivyopimwa hakumpunguzii aliyeipima.

Kwa hiyo, kwanza, tunaiomba Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya iiweke hesabu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na maelezo ya kimo cha kuagia joto, katika vitabu vya sekondari ya juu, mahali pa mchoro wa nyumba ya kioo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 tayari inataka elimu hii iingie katika mitaala. Tuko tayari kuandika rasimu ya somo hilo bila malipo, kwa mifano ya Garissa na Nairobi.

Tunaziomba serikali za kaunti zitusaidie kupata walimu wa sayansi. Walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kwa sababu za usalama, nasi hatuwalaumu. Lakini shule nyingi zilibaki bila hata mwalimu mmoja wa fizikia, na pengo la fizikia ndilo linalojazwa na simu. Vijana wetu waliomaliza vyuo wapewe nafasi ya kurudi kufundisha nyumbani.

Tunaiomba Idara ya Hali ya Hewa itupatie, kwa lugha ambayo watu wanaisikia, vipimo vya joto la usiku vya Garissa, Wajir na Mandera vya miaka yote iliyohifadhiwa. Tunataka joto la usiku hasa, kwa sababu usiku ndipo kazi ya gesi hizi inapoonekana bila jua kuingilia kati. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali.

Tunazitaka shule, kuanzia zetu wenyewe, zipange ratiba ya Februari na Machi kwa kufuata kipimajoto. Machi 2024 jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto. Hatutaki kufikia huko kabla ya kujiandaa. Darasa la mabati lisilo na dari, lenye watoto sitini, saa nane mchana, si mahali pa mtihani. Hesabu na sayansi zihamie alfajiri, michezo ihamie jioni, na maji yawepo. Yaleyale tunayaombea madarasa ya Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambako watoto wa wakimbizi wanasomea chini ya paa zilezile.

Kila tawi la chama chetu litaweka kipimajoto kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, katika angalau shule moja. Wanafunzi watasoma saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na kuandika ubaoni panapoonekana na wazazi, pamoja na hali ya mawingu ya usiku uliopita. Vitabu vya kumbukumbu hizo vitakuwa wazi kwa mtu yeyote, akiwemo yule anayeamini kwamba sisi tumekosea. Tutaanza siku ya kwanza ya muhula ujao.

Limetolewa Garissa na kamati ya chama, kwa niaba ya wanachama wa kaunti zote tatu.